Vitwitwi wenye wekundu kifuani mwezi wa nane: wameshaingia kutoka kaskazini, au ni masalia wa mwaka jana?

Mpwani_Sahare

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi bado mgeni kwenye mambo ya ndege. Nina darubini niliyoachiwa na mjomba na kitabu kimoja tu. Naishi Tanga, na maji yakitoka hupenda kushuka ufuoni kuangalia ndege wanaokula kwenye tope nje ya mikoko.

Juni na Julai palikuwa kimya. Kulikuwa na sululu wachache na vitwitwi wa kijivu waliochakaa, basi. Wiki hii, na tuko wiki ya pili ya Agosti, nimekuta kundi jipya. Ni vitwitwi wenye mdomo mweusi mrefu unaopinda kidogo kwenda chini. Wengi wana mchanganyiko wa kijivu na nyeupe, lakini saba au nane wana mabaka mekundu ya kutu kifuani na tumboni, kama rangi iliyoanza kubanduka ukutani. Wakiruka, juu ya mkia panaonekana weupe mtupu.

Nilivyokuwa najua, ndege wa Ulaya na Asia hutujia mwezi wa kumi baridi inapoanza kwao. Sasa hawa wametoka wapi Agosti, tena upepo wa kusi bado unavuma? Na je, sululu ninaowaona ni wale wale waliokuwepo Juni au ni wapya? Jambo la tatu: mbona mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya sijawaona hata mmoja? Kama hawa wamefika, wale wamekwama wapi?

Mwenye ujuzi anisaidie. Picha zangu za simu hazionyeshi kitu, kwa hiyo nimeeleza kwa maneno.

---

Nahodha_Bweni

Mkuu, mimi nimekulia baharini upande wa Pangani. Hao vitwitwi wapo mwaka mzima. Ukienda Mei utawakuta, ukienda Julai utawakuta. Wanaopungua wanapungua tu, hawaishi. Kwa hiyo Agosti si ajabu, ni wale wale waliobaki wakaanza kubadilisha rangi. Wageni wenyewe wanakuja kaskazi ikianza kuvuma. Ndivyo wazee walivyotufundisha, na majahazi yenyewe yalikuwa yakija na upepo huo huo.

---

Bi_Mikoko

Salaam mwanangu wa Sahare, na salaam kwako Nahodha.

Mimi nakaa karibu na hori ya Mida, Watamu, na ndege wa tope ndio ninaowajua kuliko wengine wote. Nahodha amesema kweli nusu. Wapo vitwitwi wanaobaki huku mwaka mzima. Hao ni vijana waliozaliwa mwaka uliopita, hawajafikia umri wa kuzaa, kwa hiyo wenzao wanapoondoka Aprili na Mei wao hukaa. Lakini waangalie rangi yao. Kijana aliyebaki huwa wa kijivu aliyepauka, manyoya yamelika ncha kwa jua na chumvi. Huyo hana sababu ya kuvaa wekundu.

Huyo wako mwenye mabaka ya kutu ni jambo lingine kabisa. Kwa mdomo uliopinda na weupe wa juu ya mkia, huyo kwa jina la kisayansi ni *Calidris ferruginea*. Huvaa wekundu kwa ajili ya kuzaa, na huzaa sehemu moja tu ya dunia: nyanda za barafu za Siberia ya kaskazini, rasi ya Taimyr na kandokando yake. Ukimwona Agosti ana wekundu uliokatikakatika, ujue mwezi wa sita alikuwa huko juu, jua lisilozama, na sasa anaivua ile nguo huku akiwa ameshafika kwako. Kutoka Taimyr mpaka pwani yetu ni zaidi ya kilomita 9,000 kwa mstari ulionyooka, na hakuna ndege anayefuata mstari ulionyooka. Uzito wake wa kawaida ni kama gramu 55.

Kwa nini mapema hivi? Kwa sababu baridi siyo inayowaondoa. Kiangazi cha kule ni kifupi mno, na dume la aina hii haliatamii mayai wala halilei. Likishapanda, kazi yake imekwisha, na mwanzoni mwa Julai liko safarini. Majike hufuata makinda yanapoweza kujitegemea. Kwa hiyo wanaotua huku Agosti ni wakubwa watupu. Watoto huja peke yao baadaye, Septemba na Oktoba, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Kila nikilifikiria hilo nashindwa kulizoea. Kinda lililoanguliwa Julai, halijawahi kuona bahari ya joto, linakuja mpaka Tanga kwa dira liliyozaliwa nayo.

Kuhusu sululu, mwanangu, huyo hatakuambia kitu. Rangi yake haibadiliki kwa msimu, na vijana wao wengi hubaki pwani yetu bila kwenda popote. Utaona tu idadi inapanda. Usihangaike naye kwanza.

Kuhusu kusi: ni kweli unawapiga usoni wakikaribia. Jahazi lilisubiri upepo kwa sababu halina njia nyingine. Ndege hupanda juu na kushuka akitafuta tabaka la hewa linalomfaa, na mara nyingi upepo wa juu si ule unaousikia ufuoni.

Sasa nikuombe jambo, maana umeanza wakati mzuri. Usihesabu ndege tu. Hesabu umri. Watu wengi wanaandika “vitwitwi mia tatu” wakaondoka, na mia tatu hiyo inasema kidogo sana. Lakini ukiniambia katika kila ishirini uliowaona vizuri, watoto ni wangapi, hapo umenipa habari ya Siberia.

Iko hivi. Kule kaskazini kuna mnyama mdogo wa jamii ya panya anaitwa lemingi. Kwa kawaida kila miaka 3 au 4 huongezeka sana, kisha wakaporomoka ghafla. Mwaka wakiwa wengi, mbweha wa barafu na bundi weupe wanakula lemingi na kushiba, makinda ya vitwitwi yanapona. Mwaka lemingi wakiisha, mbweha wale wale wana watoto wa kulisha na hawana chakula, basi hula mayai na makinda ya ndege waliotaga chini. Watafiti waliliona hili kwa kulinganisha makundi ya vitwitwi wa Afrika Kusini na hali ya lemingi huko Taimyr: mwaka wa mbweha wenye njaa, makundi yanafika kusini karibu bila watoto. Mizunguko hiyo haikai sawa kila mara, na ndiyo sababu ya kuendelea kuangalia.

Unasimama Tanga kwenye tope, unajua kama mbweha wa Taimyr alishiba. Mimi hilo linanitoa nyumbani kila msimu.

---

Nahodha_Bweni

Bi Mikoko, ahsante. Hilo la wekundu sikuwahi kulitazama kwa makini, macho yangu yalikuwa kwenye nyavu. Nitaangalia.

---

Voi_Njiapanda

Mpwani, mimi nijibu swali lako la tatu, la ndege wadogo. Ni dereva wa watalii, natembea sana Tsavo Magharibi.

Ndege wa tope na ndege wa vichakani hawana ratiba moja. Keremkerem wa Ulaya kwangu huanza kupita kuanzia mwisho wa Septemba, na utawasikia kabla hujawaona: sauti laini ya kukoroma kooni, inatoka juu sana, unatafuta mbinguni mpaka shingo inauma. Mbayuwayu wa Ulaya huanza kuonekana Septemba, wakajaa Oktoba. Ila wale wadogo wa kahawia wanaojificha, hao subiri Novemba.

Sababu ni kwamba wengi wao hawaji moja kwa moja. Chukua *Acrocephalus palustris*, kandege ka kahawia kasiko na alama yoyote ya kujivunia. Anaondoka Ulaya Agosti, anaingia pembe ya Afrika, anakaa Ethiopia na Sudan majuma kadhaa maana mvua zimeacha majani na wadudu. Kule kukikauka na huku vuli ikianza, ndipo anashuka Kenya. Anafuata mvua.

Mahali pa kuwaona ni Ngulia, huku huku Tsavo Magharibi. Kuna hoteli imejengwa kwenye ukingo wa mteremko, ina taa kubwa za kumulika wanyama. Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka kwenye vilima, ndege wanaosafiri usiku hupoteza nyota na kuvutwa na zile taa kwa maelfu. Tangu 1969 kundi la wataalamu na wanaojitolea hukutana pale kuwavisha pete zenye namba mguuni, ili wajulikane wakipatikana tena, na tangu kuanza wamevisha zaidi ya laki nne. Walioliongoza kwa miaka mingi ni Graeme Backhurst na David Pearson. Pete za Ngulia zimepatikana Urusi na Uarabuni.

Nimewahi kukaa karibu na meza yao wakifanya kazi. Ndege anatolewa kwenye mfuko wa kitambaa, anashikwa shingo ikiwa katikati ya vidole viwili, halafu yule mtu anampulizia kifuani taratibu mpaka manyoya yanafunguka. Chini ya ngozi, ambayo ni nyembamba unaona kupita, kuna mafuta ya njano kwenye kishimo cha kooni. Mafuta yakijaa kishimo, ndege huyo ana safari ndefu mbele yake. Kishimo kikiwa kitupu, amefika amechoka na lazima ale. Wanaandika alama, wanapima bawa, wanapima uzito, wanamwachia. Haichukui muda.

Na huyo *palustris* ana jambo lake. Dume huiga sauti za ndege wengine, na mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza kule Ubelgiji akakuta kila dume linaiga wastani wa aina 76, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Yaani mtu wa Ubelgiji anasikia sauti za vichaka vyetu kila kiangazi na pengine hajui.

---

Mpwani_Sahare

Nimesoma yote mara mbili. Bi Mikoko, ahsante sana, na wewe Voi. Sasa nina kazi ya kufanya.

Bi, nikuulize kwa vitendo. Mtoto nitamjua vipi? Septemba wote si watakuwa kijivu? Na niende saa ngapi? Nikishuka maji yakiwa yametoka kabisa wanakuwa mbali mno, doa tu kwenye darubini.

---

Bi_Mikoko

Maswali mazuri, mwanangu. Nianze na saa, kwa kuwa wengi wanakata tamaa hapo.

Usiende maji yakiwa yametoka kabisa. Wanatawanyika eneo lote. Nenda maji yanapoingia. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hujaa kama saa kumi jioni, kwa hiyo saa saba mchana uwe umeshaketi. Bahari itawasukuma hatua kwa hatua mpaka wako mbele yako. Siku za maji mafu maji hujaa asubuhi kwenda saa sita, lakini tope kubwa halifunikwi vizuri na ndege hawasogei sana. Mimi hupendelea bamvua. Jua liwe mgongoni kwako, na ukae chini. Mtu aliyekaa wanamzoea, aliyesimama hapana.

Sasa umri. Septemba mwishoni na Oktoba yote ndiyo nafasi yako. Baada ya hapo watoto nao huvaa kijivu na kuwatenganisha kwa darubini ndogo ni kazi ngumu.

Mtazame mgongoni. Mtoto ana mgongo wa magamba: kila unyoya una kiini cha kahawia, halafu mstari mweusi mwembamba, halafu ukingo mweupe safi. Yote mapya, yamepangika, hakuna lililolika, kwa kuwa manyoya yote yaliota kwa pamoja. Kifuani ana rangi ya pichi iliyofifia, laini, inayoishia bila mstari. Mkubwa wakati huo ana vurugu: unyoya mmoja wa kijivu mpya, pembeni yake mmoja mweusi mzee, tumboni tone la kutu lililobaki. Ukishamwona mmoja wa kila aina wakiwa bega kwa bega hutawachanganya tena.

Kipimo cha pili ni wakiruka. Mkubwa akishafika huku huanza kubadilisha manyoya makubwa ya bawa, moja moja kutoka ndani kwenda nje, na hilo linachukua miezi. Kwa hiyo Septemba na Oktoba bawa lake lina pengo katikati, unaliona hata kutoka mbali kundi likigeuka dhidi ya mwanga. Bawa la mtoto limekamilika, halina pengo.

Kuhesabu: chagua ndege ishirini waliokaribu unaowaona mgongo wazi. Andika wangapi wakubwa, wangapi watoto, wangapi hukuweza kujua. Kisha hamia sehemu nyingine ya kundi, uchukue ishirini wengine. Usichukue wote pembeni, maana watoto hupenda kingo za kundi, wakubwa wameshika katikati penye chakula. Ukichukua ukingo tu utapata watoto wengi kuliko ukweli.

Na la mwisho, nalisema kwa uchungu. Maji yakijaa kabisa watakusanyika wote kwenye kichanga kimoja au juu ya mikoko, wamesimama mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni. Usiwasogelee hapo, hata kwa picha. Hapo ndipo wanapopumzika, hawana mahali pengine mpaka bahari irudi. Ukiona vichwa vinainuka pamoja, umeshafika mbali kuliko inavyofaa. Rudi nyuma kabla hawajaanza kutembea. Nimeona kundi likirushwa na mbwa, likirudi, likirushwa tena na watu waliokuja kujipiga picha, mpaka likahama hori nzima. Ndege aliyetoka Taimyr amefika akiwa ametumia mafuta yake yote. Hana ya kuchezea.

---

Nahodha_Bweni

Bi, kuna ndege mwingine nataka jina lake. Mweupe kwa mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama si wa ndege wa tope. Huja kwa makundi, na baadhi wanapiga mluzi siku nzima.

---

Bi_Mikoko

Huyo ni *Dromas ardeola*, mla kaa, na kwangu ndiye mfalme wa hori. Hatoki Siberia. Huzaa kwenye visiwa vya mchanga vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani zilizo karibu, na hutaga yai moja, jeupe, ndani ya shimo analolichimba mchangani. Hakuna ndege mwingine wa tope anayefanya hivyo. Huanza kutujia Agosti.

Mluzi unaousikia ni wa mtoto. Nilivyosema, kinda la Siberia linakuja peke yake. Huyu ni kinyume: mtoto anakuja na mzazi na anaendelea kulishwa huku huku kwetu kwa miezi. Tazama vizuri, Nahodha. Mzazi anakimbia hatua chache, anasimama, anachoma tope, anatoa kaa, anamtikisa mpaka miguu inakatika. Mtoto wa kijivu anakuja ameinama, anapiga mluzi bila kupumua, na mara nyingi anapewa. Kwa hiyo hapa kuhesabu watoto ni rahisi, masikio yanatosha kukuanzisha.

---

Mwalimu_wa_Kondoa

Naomba kuchangia kutoka bara, maana mazungumzo yamekaa pwani.

Huku kwetu wageni ninaowasubiri kuliko wote ni kozi wadogo wa Amur. Dume ni kijivu cheusi, miguu myekundu, na akiruka kwapa zake ni nyeupe. Huzaa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Huteremka kupitia kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi mpaka pembe ya Afrika, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji bila mahali pa kutua. Hutufikia Novemba na Desemba, pamoja na mvua. Wingu likivunjika na kumbikumbi kutoka ardhini, kozi wapo juu yao, mamia, wanakamata kwa mguu na kula huku wanaruka. Siku ya pili hawapo, wamefuata mvua mbele, wanaelekea kusini mwa Afrika.

Napenda wanafunzi wangu wajue habari ya Nagaland, India. Mwaka 2012 ilijulikana duniani kwamba kwenye bwawa la Doyang wanakijiji walikuwa wakiwanasa kozi hawa kwa nyavu kwa maelfu mengi, kwa ajili ya nyama. Mwaka uliofuata, 2013, vijiji vile vile viliacha, vikawa walinzi wao. Mwaka huo huo watafiti wakawafunga watatu vifaa vya satelaiti, wakaitwa Naga, Wokha na Pangti, na watu wakafuatilia wakivuka bahari kuja kwetu. Kozi ninaowaona juu ya kumbikumbi Desemba wako hai kwa sababu watu wa mbali walibadili jambo lililokuwa likiwapa kipato. Sijui namna bora ya kufundisha kwamba ndege hana nchi moja.

Swali kwa Bi Mikoko: kozi nao mtu anaweza kuwatenganisha watoto na wakubwa kama vitwitwi?

---

Bi_Mikoko

Mwalimu, kijana wa kozi utamjua kwa kifua cheupe chenye michirizi mirefu na paji lililopauka; dume mkubwa ni kijivu mtupu. Lakini jike mkubwa naye ana alama kifuani, kwa hiyo kundi likiwa juu huwezi kuhesabu kwa uhakika. Subiri watue kwenye waya za umeme jioni. Hapo wanafunzi wako wanaweza kuhesabu mmoja mmoja. Wakiandika tarehe ya mvua ya kwanza na tarehe ya kozi wa kwanza kwenye daftari moja, kila mwaka, shule hiyo itakuwa na kumbukumbu ambayo wengi hawana.

---

Mpwani_Sahare

Narudi na habari, ni wiki ya kwanza ya Oktoba.

Nilishuka siku ya bamvua, nikakaa mapema kama Bi alivyosema. Maji yaliwaleta mpaka wakawa karibu kiasi cha kuona macho yao. Mgongo wa magamba nimeuona! Ni kweli kabisa, ukingo mweupe wa kila unyoya unaonekana umechorwa. Na wakubwa walipogeuka juu, pengo la bawa lilikuwa wazi.

Ishirini wa kwanza, katikati ya kundi: wakubwa 15, watoto 4, mmoja sikumjua. Ishirini wa pili, upande wa mikoko: wakubwa 12, watoto 7, mmoja sikumjua. Ishirini wa tatu, karibu na maji: wakubwa 14, watoto 5, mmoja sikumjua. Bi, hii ina maana gani? Mwaka mzuri au mbaya?

Na jambo lingine. Kati yao kulikuwa na kitwitwi mwingine, mdomo umepinda kwenda JUU, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, anakimbia ameinamisha kichwa kama anafukuza kitu. Mguu wake ulikuwa na kipande cha plastiki chenye rangi. Nifanyeje?

---

Bi_Mikoko

Mwanangu, nimefurahi sana. Nimesoma namba zako kwa sauti hapa nyumbani.

Una watoto 16 kati ya 57 uliowatambua, kidogo zaidi ya robo. Vitwitwi wamezaa na makinda yamepona. Mwaka wa mbweha wenye njaa usingeona hata nusu ya hao. Ila usitoe hukumu kwa siku moja. Rudi bamvua ijayo, watoto bado wanaingia. Na hizo namba ziandike hivyo hivyo, makundi matatu mbalimbali, usizijumlishe ukatupa za mwanzo. Tofauti ya katikati na ukingo umeiona mwenyewe.

Huyo wa mdomo wa juu ni *Xenus cinereus*, anazaa kwenye misitu ya mito kuanzia Finland mpaka Siberia, na alichokuwa akifukuza ni kaa wadogo.

Kuhusu kipande cha plastiki: hicho huwekwa pamoja na pete ili ndege asomwe kwa darubini bila kukamatwa tena. Anayehusika atahitaji haya: rangi ya kipande, kiko mguu wa kulia au wa kushoto, wa ndege mwenyewe, siyo wa kwako unayemtazama, kiko juu ya kiungo au chini yake, kama kina herufi au namba, zipi, na mguu wa pili una nini, hata kama ni pete ya chuma tu au hakuna kitu. Kisha mahali, tarehe na saa. Kama herufi moja huna hakika nayo, weka alama ya kuuliza, usijaze kwa kukisia, maana herufi moja isiyo sahihi humpa ndege huyu maisha ya ndege mwingine.

Tuma habari hizo kwa wanaotunza kumbukumbu za pete nchini kwako, wao watafuata rangi mpaka kwa aliyeiweka. Kwa kawaida hukujibu alivishwa wapi na lini. Unakumbuka ulikuwa mguu gani?

---

Mpwani_Sahare

Kushoto kwake, juu ya kiungo, njano. Herufi sikuzipata, alikuwa anakimbia mno. Mguu wa kulia una pete ya chuma chini. Kesho maji yanajaa karibu saa kumi na moja jioni, nitakuwepo kuanzia saa nane. Nahodha ameniazima darubini yake ya miguu mitatu, anakuja nayo kutoka Pangani asubuhi.